Bangili za Mahari na Viza ya Masomo

Huku kwetu Geita dhahabu si kitu kigeni, na mdogo wetu aliolewa kwa mahari ya bangili nne, mashaallah. Sasa kapata chuo Uingereza. Ada kalipa mjomba, lakini viza inataka na pesa ya kujikimu ilale benki siku 28 mfululizo; bangili hazihesabiwi. Mahari ni mali yake, hivyo tulinyamaza aamue mwenyewe. Akauza tatu, kuongezea akiba ya baba. Zito zaidi: tangu Januari 2024, wanaosomea uzamili wa darasani hawaruhusiwi kufuatana na waume. Ndoa ina miezi mitano! Mume kasema nenda. Mama mkwe bado kimya. Jumatatu tunapanda basi la Dar, kwenye alama za vidole.