Mkalimani wa Umeme Mbumbuni

Wahenga walinena kuwa mgeni njoo, mwenyeji apone. Methali hii husemwa kwa furaha kila hodi inapopigwa mlangoni, lakini ni wachache wanaokumbuka kwamba mgeni hawezi kumponya mwenyeji iwapo wawili hao hawasikilizani kwa lugha. Hapana budi apatikane mkalimani baina yao. Jambo hili ni kweli kwa watu, na ni kweli vilevile kwa vyombo vinavyovuka bahari. Chombo cha muziki kilichoundiwa nyumba za Marekani, kikifika katika soko la Mbumbuni huko Makueni, huwa ni mgeni anayesema lugha nyingine ya umeme. Mwenyeji asipoitambua tofauti hiyo, furaha ya kupokea hugeuka majuto.

Tofauti yenyewe imo katika tarakimu mbili. Stima ya nyumbani nchini Kenya ina volti 240 na hezi 50. Yaani msukumo wake ni wa volti 240, na mkondo wake hwenda na kurudi mara 50 kwa kila sekunde. Ya Marekani ina volti 120 na hezi 60. Japani, kunakotoka vyombo vingi vya sauti vinavyosifika, hutumia volti 100. Na kioja ni kwamba Tokyo ina hezi 50 ilhali Osaka ina 60, kwa kuwa mwishoni mwa karne ya 19 mji mmoja ulinunua mitambo yake Ujerumani na mwingine Marekani. Tarakimu hizi hazikuamuliwa katika baraza moja la walimwengu. Thomas Edison alipoanza kuuza umeme jijini New York mwaka 1882, taa zake zilihitaji volti zipatazo 110, na nchi yake ikashika njia hiyo. Kenya nayo ilirithi desturi ya Waingereza, pamoja na plagi ya miguu mitatu bapa ambayo kipimo chake kilitangazwa Uingereza mwaka 1947. Kwa hivyo, historia ya ukoloni imo hata ndani ya kuta za nyumba zetu.

Kwa miaka mingi tofauti hii haikuwasumbua wakazi wa Mbumbuni. Gramafoni za kale zilizungushwa kwa mkono zikajaza springi. Zilizofuata zilitumia betri kavu. Kwa betri hizo, benga ya Ukambani ya akina Kakai Kilonzo na Kilimambogo Brothers wake ilisikika katika nyumba ambazo hazikuwahi kuona waya wa stima. Umeme wenyewe ulikuja kwa mwendo wa kobe. Sheria ya Nishati ya mwaka 2006 iliunda mamlaka mahususi ya kuupeleka mashinani, na kuanzia mwaka 2015 mradi wa serikali wa kuziunganisha nyumba zilizo karibu na transfoma za njiani ukaongeza kasi. Mlango ulikuwa umefunguliwa. Wageni wakaanza kuingia.

Miongoni mwa waliowapokea wageni hao alikuwa mwalimu mmoja mstaafu. Binti yake, muuguzi nchini Marekani, alidunduiza mshahara wake akamnunulia baba kikuza sauti cha thamani, spika mbili nzito kama magunia ya mahindi na mashine ya kuchezea santuri. Alijua alichokuwa akifanya. Katika kasha la mbao chini ya kitanda cha Mwalimu mlikuwa na santuri chache za miaka ya sabini, na mojawapo ilikuwa na sauti ya mdogo wake, mpiga gita aliyewahi kurekodi wimbo mmoja tu jijini Nairobi kabla ya mauti kumchukua. Hapakuwa na nakala nyingine iliyojulikana. Tangu redio yake ya betri iharibike, Mwalimu alikuwa hajaisikia sauti hiyo kwa zaidi ya miaka ishirini.

Vyombo vilipowasili, vijana wa nyumbani hawakuwa na subira. Waliona plagi ina miguu miwili myembamba isiyoingia katika soketi, wakakimbilia dukani kununua adapta. Ikumbukwe kwamba adapta hubadili umbo la miguu tu. Haigusi volti hata moja. Kuvaa joho hakumfanyi mtu kuwa msomi. Waliiunganisha mashine ya sauti, ikavuma mara moja kama nyuki waliochokozwa, pakasikika mlio mkali, kisha kimya. Kijana mmoja akapendekeza fyuzi iliyokatika izungushiwe karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara, kama wafanyavyo wengi. Mwalimu akakataa. Akaamuru aitwe fundi.

Fundi hakufungua chochote kwanza. Aliigeuza mashine akasoma maandishi ya nyuma: volti 120, hezi 60, wati 300.

“Mwalimu,” alisema, “fyuzi hii imekufa kwa ajili ya mashine. Mngeifunga kwa karatasi, sasa hivi tungekuwa tunazika mashine yenyewe.”

Maneno yake yalikuwa na msingi. Ndani ya kikuza sauti mna transfoma, na nyaya zake zimezungushwa kwa hesabu ya volti 120. Ikilishwa 240, chuma chake hushiba sumaku kupita kiasi. Na chuma kilichoshiba hakiwezi tena kuuzuia mkondo. Mkondo hupanda ghafla, nyaya hupata moto, na ulinzi unaobaki ni fyuzi kukatika upesi. Baadhi ya vyombo vina swichi ya kuchagulia volti mgongoni, na vingine, hasa vya miaka ya karibuni, vimeandikwa kwamba hupokea kuanzia volti 100 hadi 240. Vya namna hiyo ni wageni wajuao lugha nyingi. Hiki hakikuwa miongoni mwavyo. Fundi aliagiza transfoma ya kupunguza volti kutoka barabara ya Luthuli, Nairobi. Aidha alisisitiza iwe ya wati 500 au zaidi, kwa maana punda akipakiwa mzigo uliolingana kabisa na nguvu zake, hana akiba ya kupandia mlima. Alionya pia kwamba stima ikipotea, plagi ing'olewe hadi itakaporudi na kutulia. Kwani katika nyaya ndefu za mashambani, umeme unaorejea huweza kuja kwa kishindo.

Transfoma ilifika, fyuzi mpya ikatiwa, taa ya kikuza sauti ikawaka kwa utulivu. Jamaa na majirani waliketi sebuleni. Mwalimu aliipangusa santuri kwa kitambaa, akaiweka, akaishusha sindano kwa mkono uliotetemeka.

Sauti iliyotoka haikuwa ya mdogo wake. Gita lilijikokota, ngoma zililegea, na mwimbaji alinguruma kama zimwi la ngano. Wimbo wa harusi uligeuka maombolezo. Vijana walicheka, kisha wakaona uso wa mzee, wakanyamaza. Mwalimu aliinyanyua sindano, akasema kwa upole kwamba huenda yeye ndiye aliyesahau. Usiku ule binti alipopiga simu kuuliza kama zawadi inafanya kazi, baba alijibu kuwa inafanya kazi vizuri sana.

Hapa ndipo pana kiini cha suala lote. Transfoma ni mkalimani wa volti, lakini si mkalimani wa mapigo. Hupokea volti 240 ikatoa 120; hezi 50 zinazoingia hutoka zikiwa 50 zile zile. Kwa vyombo vingi hilo halina madhara makubwa, isipokuwa transfoma iliyoundiwa hezi 60 hupata joto zaidi kidogo na huhitaji hewa ya kutosha. Lakini mota ya mashine ile ya santuri ilikuwa ya aina inayohesabu mapigo ya umeme na kwenda nayo hatua kwa hatua. Ikipewa mapigo 50 badala ya 60, huenda kwa tano juu ya sita ya mwendo wake. Santuri iliyopaswa kuzunguka mara 45 kwa dakika ilizunguka mara 37 na nusu. Wimbo wa dakika tatu ukachukua dakika tatu na sekunde 36, na kila sauti ikashuka. Mfasiri aliyehamisha maneno yote bila kuhamisha mahadhi hufanya kosa lilo hilo: hakuna neno lililopotea, lakini marehemu hatambulikani.

Fundi aliporudi juma lililofuata, alisikiliza, akahesabu mizunguko kwa saa ya mkononi, akacheka.

“Hukusahau, Mwalimu. Hii mota inatembea kwa mwendo wa Kenya, na mkanda wake umekatiwa hesabu ya Marekani.”

Dawa ilikuwa ndogo. Mota ile huzungusha sahani kwa mkanda wa mpira unaopita juu ya kigurudumu kidogo cha shaba. Mkereza vyuma mjini Machakos alitengeneza kigurudumu kingine, kipenyo chake kikiwa kimezidi cha awali kwa sehemu moja ya tano. Kilichopungua kwa mapigo kikafidiwa kwa unene. Mwalimu alikaa peke yake siku ya majaribio. Gita liliruka, na baada yake sauti nyembamba ya kijana wa miaka ishirini na mitatu, ile iliyokuwa ikimwita kaka yake kutoka ng'ambo ya mto, ikajaa chumbani. Kisha akampigia binti yake simu, akamweleza ukweli wote, na akaisogeza simu karibu na spika.

Kisa hiki kina funzo kwa wanaotuma na kwa wanaopokea. Anayetuma chombo kutoka ng'ambo na akumbuke kutuma pia maelezo yake. Asome volti, asome hezi, aulize mota ni ya namna gani kabla ya kulipia nauli. Anayepokea naye asione haya kusema kwamba zawadi haijasema naye. Ukimya wa shukrani ulikaribia kuizika sauti ile mara ya pili. Kuuliza si ujinga, na fundi anayesoma kabla ya kufungua ni wa kuenziwa katika kila soko, liwe Mbumbuni au kwingineko.