Punda wa Nyika ya Tana

Msafiri atokaye Malindi kwenda Lamu hufika Garsen, na hapo ndipo njia ya Hola na Garissa inapoachana na yake. Siku hizi huvuka mto Tana juu ya daraja, wala hana haja ya kushuka garini. Zamani alingoja kivuko kilichovutwa kwa kamba na mikono ya watu, akapata nafasi ya kuyatazama maji yale mekundu na kutambua kwamba mto huu, ulio mrefu kuliko yote ya Kenya, si wa kufanyiwa mzaha.

Farasi hakupata makao katika nchi hii, maana mbung'o humwua. Ng'ombe wa Waorma wana nguvu zao. Wataalamu waliofanya uchunguzi huko Galana katika miaka ya 1980 waliona kuwa wanaustahimili ugonjwa wa mbung'o kuliko Boran wengine. Mnyama wa safari ni punda. Yeye hubeba fito, mikeka na vyombo, kwa kuwa Waorma wahamapo, nyumba nayo huhama.

Wengi humwita punda mkaidi. Huko ni kumsingizia. Farasi akiogopa hukimbia. Punda akiogopa husimama kama gogo, akafikiri. Kijana asiyejua humvuta kwa mbele na kumpiga, na mnyama huzidi kuamini ya kuwa mbele kuna hatari. Mara nyingine kweli ipo: kiboko kichakani, au harufu ya simba. Mchungaji mzoefu humwacha anuse. Humtanguliza punda jike mzee aijuaye njia, huzifunga sufuria kwa nguo zisigongane, na hukaza kamba za mzigo kila wapumzikapo. Mzigo uliolegea ukimpiga mnyama tumboni, hata aliye mpole hutimua mbio, na nyumba ya mtu ikatawanyika nyikani.

Lakini taabu iliyo kubwa ni kuufikia mto wakati wa kiangazi. Wanyama waliokaa siku mbili bila maji huyanusa toka mbali, na tangu hapo hawashikiki. Njia yao ya kushukia mtoni huitwa malka. Ikiwa malka imelimwa, mnyama mwenye kiu hajui mpaka wa mahindi ya Mpokomo. Naye Mpokomo hulima pale kwa sababu ndipo mafuriko yanapoacha udongo wenye rutuba. Hana pengine. Mwaka 2012 na mwanzoni mwa 2013 watu zaidi ya 100 waliuawa katika magomvi ya nchi hiyo, na maji, malisho na ardhi vilikuwa miongoni mwa asili zake.

Kwa hiyo mzee mwenye busara huusimamisha msafara mapema, kabla upepo haujaleta harufu ya maji, akamtuma mtu aende kwa miguu kuwauliza wenye mashamba kama malka i wazi. Punda hungoja na mizigo mgongoni, masikio yameelekea mtoni.