Macho Nayo Yana Haki Yake

Mlingotini, Bagamoyo

Mpwa wangu mpendwa,

Mama yako ameniambia macho yanakuwasha, kichwa kinakugonga kila jioni, na usingizi umekupaa. Wewe wasema ni uchovu wa kawaida wa ofisini. Mimi naona ni kompyuta mchana kutwa, kisha simu hadi usiku wa manane, kwa kuwa kundi la WhatsApp la kazini halilali.

Wakulima wa mwani wa hapa kwetu huingia shambani bamvua linapofika na maji yakapwa sana. Hufunga mbegu kwenye kamba, huvuna, wala hawachezi. Maji yakijaa hutoka, hata kama kamba hazijaisha. Bahari ndiyo inayowaamuru kupumzika. Kazi yako haina kupwa wala kujaa, kwa hiyo mpaka huna budi kuuweka wewe.

Anza na macho. Mtu akikodolea macho kioo cha kompyuta au simu hupepesa kidogo kuliko kawaida, ndipo macho hukauka. Kila baada ya dakika 20 inua uso, utazame kitu kilicho mbali kiasi cha mita 6 kwa sekunde 20. Neno la kumuuliza mwenzako wa chumba cha pili, inuka ukamuulize. Mchana kula bila simu mkononi, na usiku ilaze sebuleni. Maumivu yakizidi, nenda ukapimwe macho. Pengine wahitaji miwani.

Kisha ijue sheria ya nchi yetu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imeweka ukomo wa saa 45 za kawaida kwa wiki, mapumziko ya saa nzima kwa anayefanya kazi zaidi ya saa 5 mfululizo, na saa 12 za kupumzika kati ya siku moja ya kazi na nyingine. Ukijibu ujumbe wa ofisi kitandani, unazimega saa hizo 12 kwa mkono wako mwenyewe. Nako Ufaransa, tangu 2017, kampuni zenye wafanyakazi 50 na zaidi hutakiwa kujadiliana nao juu ya haki ya kutosumbuliwa baada ya kazi.

Usinune, wala usilalamike kundini. Mwendee mkuu wako kwa adabu, umwambie: la dharura nipigiwe, lisilo la dharura lisubiri asubuhi. Mweleze kwamba aliyechoka hukosea, na kusahihisha kosa hula muda mwingi kuliko kusubiri kuche. Nawe ukipewa ukubwa kesho, usiwatendee wa chini yako unayoyakataa leo.

Mtume alitufundisha kwamba mwili una haki juu yetu, na macho vilevile. Kazi uifanye kwa bidii, na haki hiyo uitimize. Ukishazungumza na mkuu wako, nipigie unieleze alivyojibu.

Mjomba wako akupendaye