Radi juu ya Ziwa Kivu

Sisi tutokao Luhwindja hudhani kwamba tumeijua radi tangu utotoni. Kule milimani kwetu, katika Mwenga, ngurumo hupita kilima hadi kilima, nasi tulikimbilia nyumbani tukafunga mlango. Lakini jioni moja, tulipofika Bukavu na kushuka ufukoni, tuliwatazama wavuvi wa sambaza wakijitayarisha, tukatambua kuwa wao hawana mlango wa kufunga.

Samaki hao wadogo waliletwa kutoka Ziwa Tanganyika kati ya mwaka wa 1958 na 1960. Huvuliwa usiku: mitumbwi mitatu hufungwa pamoja kwa miti mirefu, taa huwashwa, na samaki huufuata mwanga mpaka juu ya wavu. Wavuvi huimba wakipiga makasia, na kuwasikiliza ni furaha. Bali katikati ya maji yale tambarare hakuna kilichoinuka kuliko miti ile na vichwa vyao.

Na mahali penyewe si pa kawaida. Mwaka wa 2016 wataalamu walitangaza hesabu ya miali iliyoonwa na chombo cha angani kuanzia 1998 hadi 2013. Ziwa Maracaibo la Venezuela lilikuwa la kwanza duniani. Kabare, jirani ya Bukavu, ikawa ya pili, miali 205 hivi kwa mwaka katika kila kilometa ya mraba.

Mzee wa mitumbwi alituambia, “Mwalimu, radi naikimbia ningali nchi kavu.” Twaona alisema kweli. Baada ya mwali, hesabu sekunde mpaka ngurumo: kila sekunde tatu ni kilometa moja. Zisipofika 30, usiondoke. Ngoja nusu saa baada ya ngurumo ya mwisho. Aliyekutwa majini na aelekee pwani ya karibu. Akishindwa, ajikunje chini mtumbwini, aache wavu uliolowa na kila chuma.

Aliyepigwa na radi habaki na umeme mwilini. Aguswe bila hofu; kama hapumui, apuliziwe pumzi kinywani, na kifua chake kisukumwe kwa nguvu mfululizo. Jambo hili latuuma, maana kwetu wako wasemao radi imetumwa na jirani. Basi badala ya kumwinamia aliyeanguka, humtafuta wa kumlaumu.

Jioni ile wingu liliwaka upande wa Idjwi. Mzee alihesabu kwa sauti, akafika 20, akaifunga tena kamba. Vijana wake walinung’unika, kwa kuwa usiku bila sambaza ni asubuhi bila unga. Wawili hawakusema naye tena hata tulipoondoka.