Twende Iowa, kwa mlo wa haraka wa nyama ya kusaga

Haba na haba hujaza kibaba, walisema wahenga wetu. Leo, mpenzi msomaji, nakuomba tufunge safari ya mbali hadi katikati ya Marekani, tukaone jinsi wakulima wa huko walivyoutia usemi kama huo ndani ya sufuria. Hatuendi New York kutazama maghorofa, wala California kuwasaka nyota wa sinema. Twaenda Iowa, jimbo ambalo wageni wengi hulipita angani wakiwa wamelala ndani ya ndege.

Kinachotupeleka huko ni chakula kiitwacho 'Sloppy Joe'. Ukilifasiri jina hilo kwa Kiswahili, utapata kitu kama 'Joe Asiye Nadhifu'. Usiogope. Ni nyama ya ng'ombe iliyosagwa, ikakaangwa pamoja na vitunguu, ikatiwa nyanya, siki na sukari kidogo, kisha ikapakuliwa ndani ya skonzi. Anayekila lazima mchuzi umtiririkie vidoleni, na hapo ndipo wengi husema jina lilipotokea. Watoto hukipenda kwa sababu hiyo hiyo.

Mahindi yasiyo ya ugali

Iowa imekaa baina ya mito miwili mikubwa: Mississippi upande wa mashariki na Missouri upande wa magharibi. Ukisafiri kwa barabara kutoka Sioux City, ulio kwenye mto wa magharibi, hadi Muscatine, ulio kwenye mto wa mashariki, utakuwa umekwenda mwendo mrefu kuliko ule wa kutoka Nairobi hadi Mombasa. Na njia nzima, kama ni mwezi wa Julai, utaona mahindi kulia na mahindi kushoto.

Mkaazi wa Kitale au Eldoret angejihisi nyumbani, lakini si kwa muda mrefu. Mahindi hayo ni ya manjano, na machache tu ndiyo yanayofika mezani kwa binadamu. Mengi hulishwa nguruwe na ng'ombe, na mengine hugeuzwa kuwa mafuta ya magari yaitwayo ethanoli. Iowa ndiyo inayoongoza Marekani nzima kwa mahindi na kwa nguruwe. Panapokuwa na lishe nyingi ya mifugo, nyama nayo huwa karibu. Kwa hivyo si ajabu kwamba ni huku ndiko watu walikofikiria nini cha kufanya na vipande vya nyama visivyofaa kuwa choma wala mchuzi wa wageni.

Sioux City hasa ulikuwa mji wa ng'ombe. Mnada wake wa mifugo ulifunguliwa katika miaka ya 1880 na ukadumu hadi 2002. Mnamo 1924, mwenye mkahawa mmoja mjini humo, David Heglin, alianza kuuza nyama ya kusaga iliyopikwa ikiwa huru, yaani haikufinyangwa ikawa duara kama ya hambaga, bali ilichotwa kwa kijiko na kutiwa ndani ya mkate. Miaka kumi baadaye, 1934, mahali hapo pakachukuliwa na Abraham Kaled, akapaita Ye Olde Tavern. Hadi sasa, watu wa pande hizo huuita mkate huo 'tavern' tu, na ukiagiza hivyo hakuna atakayekuletea kinywaji.

Upande wa pili wa jimbo, mjini Muscatine, mchinjaji Fred Angell naye alifungua duka lake mnamo 1926 akaliita Maid-Rite. Muscatine ni mji wenye mambo. Mwanzoni mwa karne ya 20 ulisifika ulimwenguni kwa kutengeneza vifungo vya nguo kutokana na makombe ya mto Mississippi. Na tangu 1893 umekuwa na kiwanda cha kampuni ya Heinz, ile ile ya sosi ya nyanya unayoijua. Nyama ya kusaga na nyanya, basi, zilikuwa majirani hapo kabla hazijaoana.

Mji wa tatu ni Ottumwa, kwenye mto Des Moines. Huko kuna kijumba kidogo cha chakula kiitwacho Canteen Lunch in the Alley, ambacho kimekuwa kikiuza nyama hiyo tangu 1927. Wateja huketi wakiwa wameizunguka meza moja iliyopinda, mpishi akiwa katikati. Mji ulipohitaji mahali pa kuegesha magari, wenyeji hawakukubali kijumba chao kibomolewe. Ikabidi jengo la magari lijengwe juu yake, na kijumba kikabaki chini kama kifaranga chini ya mbawa za kuku. Ama kweli, tumbo lina wakili wake!

Joe ni nani?

Nyama ya Iowa ni kavu, haina nyanya. Ni pale ilipotiwa sosi ya nyanya ndipo 'Sloppy Joe' alipozaliwa, na kuhusu jina hilo kuna mzozo. Watu wa Sioux City husimulia habari za mpishi wao aliyeitwa Joe. Wengine hutaja baa ya Sloppy Joe's mjini Havana, Cuba, iliyokuwa ya Mhispania José Abeal. Baa hiyo ilifungwa miaka ya 1960, ikafunguliwa tena 2013. Wengine nao huapa kwamba ni Key West, katika jimbo la Florida, ambako Joe Russell alifungua baa yake mnamo Desemba 5, 1933, siku ambayo marufuku ya pombe iliondolewa Marekani.

Hapo Kenya inaingia. Rafiki mkubwa wa Russell alikuwa mwandishi Ernest Hemingway, mkaazi wa Key West. Lakini Desemba hiyo hakuwapo kusherehekea. Alikuwa melini akija Mombasa, tayari kwa safari yake ya uwindaji katika Afrika Mashariki.

Nao Wakenya wamekwenda Iowa. Yobes Ondieki, binadamu wa kwanza kukimbia mita 10,000 chini ya dakika 27, jambo alilolitimiza mjini Oslo mnamo Julai 1993, aliwahi kusoma katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Iowa, mjini Ames.

Chakula cha siku ngumu

Jambo la kukumbuka, msomaji, ni wakati chakula hiki kilipoenea. Ilikuwa miaka ya 1920 na 1930. Bei za mazao zilikuwa zimeanguka, na baada ya masoko ya hisa ya New York kuporomoka mnamo 1929, wakulima wengi wa Iowa walipoteza mashamba yao kwa mabenki. Baba aliyekuwa na senti chache hakuweza kumwekea kila mtoto kipande chake cha nyama. Lakini nyama kidogo ikisagwa, ikachanganywa na vitunguu na nyanya, kila mtoto hupata, na hakuna anayehesabu cha mwenziwe.

Hilo ndilo nataka ulichukue kutoka Iowa. Je, si wengi wetu tunaoshuka matatu saa moja jioni, tukiwa na mfuko mwepesi na watoto wanaosinzia juu ya vitabu vya shule? Siku kama hizo, familia nyingi za mjini hula mmoja mmoja: huyu chai na mkate, yule chipsi za kando ya barabara. Meza inakufa polepole. Mlo uwezao kuwa tayari kwa nusu saa na kuwakusanya wote si jambo dogo.

Huko Marekani kampuni ya Hunt's ilianza kuuza sosi ya mlo huu kwenye mkebe mnamo 1969. Lakini ukipika mwenyewe utajua umetia chumvi na sukari kiasi gani.

Namna ya kupika

Kwa watu sita, tafuta nusu kilo ya nyama ya kusaga, kitunguu kikubwa kimoja, pilipili hoho moja, punje mbili za kitunguu saumu, nyanya nne zilizoiva, vijiko viwili vikubwa vya nyanya ya mkebe, kijiko kikubwa kimoja cha siki, kijiko kidogo cha sukari, chumvi, na skonzi sita. Ukiwa na haradali ya unga, tia nusu kijiko kidogo.

Weka nyama kwenye sufuria iliyopata moto, bila mafuta, uivunjevunje kwa mwiko. Ikibadilika rangi yote, mwaga mafuta yaliyozidi. Tia vitunguu na hoho vilivyokatwa vidogo vidogo, ukaange hadi vilainike. Kisha tia nyanya na vitu vingine vyote, punguza moto, uache itokote kwa dakika 15 hadi 20 mpaka mchuzi ushikamane. Pasha skonzi kwenye kikaango kikavu ili zisilowe upesi, kisha pakua. Kachumbari au kabeji mbichi iliyokatwa nyembamba yafaa kando yake.

Kama wageni wamebisha hodi, ongeza kikombe kimoja cha ndengu zilizochemshwa. Nyama itatosha watu wanane, na wachache watajua.

Neno moja la tahadhari. Katika kipande kizima cha nyama, viini vya maradhi hukaa hasa juu juu, nao moto huviua haraka. Nyama ikisagwa, viini hivyo huenea hadi ndani. Kwa hivyo mwombe mwenye bucha akusagie mbele ya macho yako, ipike siku hiyo hiyo kama huna friji, na usiiache hata chembe moja yenye wekundu. Iliyopikwa nayo isikae nje zaidi ya saa mbili.

Halafu waite watoto wanawe mikono, mketi pamoja. Usiwakaripie wakidondosha mchuzi kwenye sahani, maana chakula hiki kimeruhusiwa hivyo tangu jina lake. Waulize tu Iowa iko baina ya mito gani miwili, na atakayejibu kwanza apewe skonzi ya kwanza.