Babu Aliniambia "Hii Siyo"

Asubuhi za Desemba hapa kwetu Chala, kabla mawingu hayajaufunika mlima, babu yangu hutoka nje na kikombe cha chai ya rangi, anaiangalia theluji ya Kilimanjaro, halafu anapiga Jingle Bells kwa mdomo. Haimbi neno hata moja. Ni pa-ra-pa tu, kwa kasi, na mguu unagonga chini. Nimemsikia hivyo tangu niko nasari. Wasee, mimi nilidhani ni vituko vya mzee. Mwaka jana ndiyo nikamuuliza ameitoa wapi.

Akaniambia baba yake alikuwa mpishi kwa mzungu mmoja wa mkonge upande wa Taveta, miaka ya hamsini. Siku ya Krismasi mzungu alikuwa anatoa gramafoni, ile ya kuzungusha mkono kwanza ndiyo iimbe, na watoto wa wafanyakazi wanajibana kwenye dirisha la jikoni kusikiliza. Babu alikuwa mdogo kiasi cha kubebwa na dadake ili aone. Anakumbuka vitu vitatu. Moja, sahani ilikuwa nyeusi na katikati ina picha ya mbwa. Mbili, hakuna mtu anayeimba. Tatu, tarumbeta ni nyingi, halafu filimbi moja nene inapanda juu yao zote "kama kuku anayeruka ua."

Akamaliza chai. "Wewe si ndiye mtu wa simu? Nitafutie."

Sasa lazima mjue kitu. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili. Karo iliisha, halafu hamu nayo ikaisha, sijui kipi kilitangulia. Nikarudi nyumbani na simu, taa moja ya duara na ndoto za kutengeneza video. Baba yangu yuko Voi anafanya kazi, na kila akipiga simu swali ni lile lile: utarudi lini chuo? Babu hajawahi kuniuliza. Kwa hivyo mzee aliponituma kazi ya simu, kazi yangu, nilijiambia hii nitaimaliza hata ikikula bando lote. Na ililikula kweli, kwa sababu ukiishi hapa mpakani simu yako huvuka kwenda Tanzania bila pasipoti. Unatafuta wimbo umeketi Kenya, unakatwa pesa kama mgeni.

Jaribio la kwanza lilikuwa aibu. Nilibonyeza wimbo uliotokea juu kabisa, kinanda cha kompyuta na kengele nyingi. Babu alisikiliza sekunde tano. "Hii siyo." Nikamwekea Bing Crosby na wale dada watatu, Andrews Sisters, ya 1943. Hiyo mimi niliipenda sana. "Hii siyo. Si nimekwambia hakuna mtu anaimba?" Nikamwekea ya Glenn Miller ya 1941. Hapo aliinua kichwa, tarumbeta zilimgusa. Halafu waimbaji wakaingia, akarudi kwa mahindi yake aliyokuwa anapukuchua.

Ndiyo nikaanza kusoma. Huo muziki unaitwa swing. Ulitawala Marekani kati ya 1935 hivi na mwisho wa vita kuu ya pili. Ni bendi kubwa, watu kumi na kitu: tarumbeta, tromboni, saksofoni, ngoma, kinanda, besi, na wote wanapiga kitu kilichoandikwa halafu mmoja anaachiwa nafasi acheze atakavyo. Ulikuwa muziki wa kucheza dansi. Wazee walikuwa wanarukaruka nao klabuni hivi hivi tunavyofanya sisi.

Na usidhani haukutufikia. Fundi Konde, Mgiriama wetu wa Pwani, alichukuliwa wakati wa vita kwenye kikosi cha burudani cha King's African Rifles na akapelekwa hadi Burma kuwapigia wanajeshi. Aliporudi, msikilize gitaa lake na klarineti iliyo nyuma yake kwenye rekodi za miaka ile, halafu uniambie huo upepo wa swing hauusikii. Mimi niliusikia, nikashtuka, kwa sababu nilikuwa nimewaweka hao watu kwenye boksi la "nyimbo za wazee za redio" na nikafunga.

Turudi kwa mbwa. Kumbe yule mbwa ndiye alikuwa ufunguo. Mbwa anayesikiliza gramafoni ni alama ya kampuni mbili ndugu, Victor ya Marekani na HMV ya Uingereza. Bing Crosby alirekodi na Decca. Decca haina mbwa. Kwa hivyo Bing nje, hata kama babu angekuwa amesahau sauti ya mtu. Ukichanganya mbwa, hakuna mwimbaji, na filimbi nene, ambayo lazima ni klarineti, unabaki na mtu mmoja anayesimama mbele ya wengine: Benny Goodman. Alipiga klarineti, alikuwa na bendi yake, alirekodi na Victor, na 1935 alirekodi Jingle Bells bila mwimbaji. Nilipoiona hiyo nilipiga kelele hadi mbuzi wakanigeukia.

Lakini sikumpelekea mbio. Nilikuwa nimeshachomeka mara nyingi kwa njia nyingine, na hii nawaambia nyinyi mnaotaka kusikiliza hizi vitu Desemba hii: jina lililoandikwa kwenye wimbo si ushahidi. Glenn Miller alipotea na ndege juu ya bahari kati ya Uingereza na Ufaransa tarehe 15 Desemba 1944, siku kumi kabla ya Krismasi. Hakuonekana tena. Lakini bendi yenye jina lake inazunguka dunia hadi leo, na inarekodi. Unaweza kusikiliza "Glenn Miller" aliyerekodiwa miaka mingi baada ya Glenn Miller kufa. Si wizi, ni bendi halali, ila siyo kile unachotafuta. Hata White Christmas ya Bing Crosby, ile ambayo watu wengi wanaijua siyo ya kwanza. Ya kwanza ni ya 1942. Iliuzwa sana hadi bamba la kuchapia sahani likachakaa, ikabidi wairudie 1947 na watu karibu wale wale. Ile yenye filimbi na vikengele vidogo mwanzoni ndiyo ya 1947. Sasa nenda kasikilize yako, utajua umepewa gani.

Kwa hivyo tafuta mwaka, tafuta lebo, angalia urefu. Sahani za zamani za inchi 10, zinazozunguka mara 78 kwa dakika, zilibeba kama dakika tatu kila upande. Ukiona "ya 1938" ina dakika sita, mtu anakudanganya au ameunganisha. Chuo Kikuu cha California kule Santa Barbara kina orodha ya bure ya rekodi za zamani za Marekani, inakuonyesha nani alirekodi nini, siku gani, na nambari ya bamba. Na Internet Archive ina mradi wa kuhifadhi sahani za 78 kwa mamia ya maelfu. Hao walishtakiwa na kampuni kubwa za muziki 2023, na White Christmas ilikuwa mojawapo ya nyimbo zilizotajwa kwenye kesi. Waliyamaliza kwa makubaliano 2025.

Basi jioni moja nikamwekea babu Benny Goodman. Toleo safi kabisa, limesafishwa, kila ala inasikika kana kwamba wako sebuleni.

Alisikiliza yote. Dakika zote. Mguu haukugonga.

"Inafanana," akasema. "Lakini hii imeoshwa."

Maze, nilikaa kimya. Nilitaka kumbishia, nimwambie babu ni hii, mbwa ni huyu, mwaka ni huu, nimesoma wiki mbili. Halafu nikaelewa. Yeye hakuwahi kusikia bendi ya Benny Goodman. Alisikia sahani ya Benny Goodman, kuukuu, sindano imechoka, inakwaruza, kupitia dirisha la jikoni. Mikwaruzo ndiyo ilikuwa wimbo. Watu wa kompyuta waliitoa wakidhani wanamsaidia.

Nikarudi kutafuta, safari hii nikitafuta uchafu. Nikampata mkusanyaji mmoja ambaye aliweka sahani yake kwenye gramafoni ya kuzungusha, akasimamisha kamera mbele yake, akaacha iimbe. Kelele kama ya mafuta yanayokaangwa. Nikaipakua. Na kwa sababu spika yangu ilikuwa imekufa na sina pesa ya nyingine, nikafanya kile sisi wote tunafanya: nikaitumbukiza simu ndani ya sufuria.

Sikuwa nimepanga, lakini sufuria iliifanya sauti itoke kwa mbali, na ya bati, kama inatoka chumba kingine.

Babu alikuwa amekaa kwenye kiti chake cha kamba. Mguu ulianza kabla uso haujabadilika. Klarineti ilipopanda juu ya wale wengine akanyoosha kidole hewani, akakifuata, pa-ra-pa, na yuko sawa nayo, noti kwa noti. Miaka karibu sabini. Ilipokwisha akasema, "Rudisha." Nikarudisha. Akasema tena, "Rudisha."

Mara ya tatu akaanza kuongea bila kuulizwa. Kwamba siku ile baba yake, mpishi, alikuwa jikoni na aproni nyeupe, ameshika kijiko kikubwa cha mchuzi, na alidhani hakuna anayemwona. Akacheza peke yake. Akazunguka, akamwinamia jiko kama ni mwanamke wa kizungu, akazunguka tena. Watoto dirishani walibana vicheko hadi mmoja akajikojolea. Babu anasema ndiyo mara pekee alimwona baba yake akicheza. Huyo mzee alikuwa mkali, hata picha yake moja tuliyonayo amekunja uso.

Nilikuwa narekodi. Bila shaka nilikuwa narekodi, mnanijua.

Nikaiweka mtandaoni usiku huo huo. Asubuhi sauti ilikuwa imezimwa. Kuna mwenye haki huko Marekani na mashine imemtambua Benny ndani ya sufuria, mikwaruzo na yote. Nilikasirika, nikasoma sheria badala ya kulala. Wimbo wenyewe ni wa James Pierpont, 1857, hauna mwenyewe tena. Rekodi ndiyo ina mwenyewe. Hapa Kenya sheria inalinda rekodi miaka 50 tangu mwisho wa mwaka iliporekodiwa, kwa hivyo hii kwetu ilikuwa huru tangu 1986. Marekani, rekodi za 1923 hadi 1946 zinalindwa miaka 100 tangu zilipotolewa. Kama hii ilitoka mwaka ule ule wa 1935, basi ni hadi Januari 2036. Na mashine haifuati sheria ya Chala. Mimi naona ni upuzi, kusema kweli. Walioipiga wameshaondoka, babu ndiye yuko hapa.

Lakini sikupigana. Nilichukua video nyingine, ya asubuhi, ile ya kikombe cha chai na mlima nyuma. Babu mwenyewe, mdomo wake, mguu wake, na baadaye anasimulia ya kijiko cha mchuzi. Hiyo hakuna mashine iliyoigusa.

Baba aliiona akiwa Voi. Akanipigia jioni. Nikajiandaa kwa lile swali. Alikaa kimya kidogo, nasikia matatu zikipiga honi nyuma yake, halafu akasema hakuwahi kuambiwa kwamba babu yake alikuwa anacheza. Akauliza hiyo filimbi nene inaitwaje.

Nikamwambia ni klarineti.

"Nitumie," akasema. "Ile chafu."