Susu, feni ya seva na jagi la maji

Nimekuwa kimya wiki kadhaa, na si kwa uvivu. Nilikuwa nyumbani Matiliku, kule Makueni, na nimerudi Nairobi na somo ambalo sikulipata kwenye kompyuta.

Mnaijua Ukambani mwezi wa Oktoba, kabla ya mvua za Novemba. Jua linachoma, na punda wanarudi na mitungi ya maji polepole. Nyanya yangu (kwetu twamwita susu) alikuwa ameketi chini ya mwembe, maneno machache kuliko kawaida yake. Aliposimama akapepesuka. Nikakimbilia kipimajoto: nyuzi 36.8. Nikasema moyoni, susu yuko sawa, ni uzee tu.

Nilikosea, na kwa kazi yangu nilipaswa kujua. Seva ikipata joto, kihisi hulisoma, na feni huongeza kasi mpaka joto lirudi panapotakiwa. Ukiitazama namba ya joto peke yake utadhani mambo ni shwari, kumbe feni inakaribia kuungua.

Mwili nao ni hivyo hivyo. Sehemu ndogo ya ubongo iitwayo haipothalamasi hulinda joto la ndani lisitoke mbali na nyuzi 37. Likipanda, mishipa ya ngozini hupanuka na jasho hutoka. Jasho likikauka, huondoka na joto. Lakini jasho hilo ni maji ya mwili, ya damu yakiwemo. Maji yakipungua, chumvi ya damu hukolea, na ikizidi kwa asilimia 1 au 2 tu, ubongo huleta kiu na kuziamuru figo zibane mkojo. Moyo huongeza mapigo ili presha isianguke. Mwaka 1926 Mmarekani Walter Cannon aliipa kazi hii yote jina: homiostasisi.

Kwa hiyo ile 36.8 haikuwa cheti cha afya. Ilionyesha tu kwamba mwili bado unapambana. Akiba ya maji ilikuwa inaisha, na kipimajoto hakipimi akiba.

Tulipofika kituo cha afya, daktari alimtazama ulimi, akahesabu mapigo ya moyo akiwa amelala, kisha akiwa amesimama. Akamuuliza, "Susu, mara ya mwisho umeenda haja ndogo saa ngapi?"

"Asubuhi."

"Na maji umekunywa?"

"Sikuwa na kiu, mwanangu."

Hakuwa anadanganya. Uzeeni kihisi cha kiu hufifia, na figo nazo hupunguza uwezo wa kubana maji. Mwili unakauka, na kengele hailii. Alipewa ORS, ule unga wa chumvi na sukari unaochanganywa na maji. Sukari imo kwa sababu maalumu: utumboni, glukosi huingia pamoja na chumvi, na maji hufuata. Robert Crane alieleza jambo hilo mwaka 1960. Kufikia jioni susu alikuwa ananigombeza kwa kuacha zizi la mbuzi wazi. Nilifurahi sana kugombezwa.

Usiku nikaanza kuandika programu ya kumtumia SMS kila saa mbili: kunywa maji. Nikamweleza. Akacheka.

"Simu yako itanishikia kikombe?"

Tukaiacha. Sasa binamu yangu hujaza jagi la lita moja na nusu kila asubuhi na kuliweka karibu na kiti cha susu. Saa sita lazima liwe limefika nusu, jioni liwe tupu. Kila apitaye hulitazama, hata watoto. Kiu ya susu hailii tena, basi jagi ndilo tunalosoma. (Mzee mwenye ugonjwa wa moyo au figo, muulize daktari kwanza kiasi gani.)

Haya, kazi inaniita. Ukimpigia mzee wako leo, usimuulize kama ana kiu. Muulize amekunywa vikombe vingapi.